Semeni Kabla ya Greda

Somo: 1 Wafalme 21:1–27

Ndugu zangu wa Ruanda, wa Iyula, wa Mlowo, wa Vwawa na wa Tunduma, na ninyi nyote mnaoishi kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia: neno la leo ni lenu. Ndugu zangu Waislamu mtakaoisoma karatasi hii, ni lenu pia, kwa kuwa halina dhehebu. Linamhusu kila aliyerithi kitu na kila atakayeacha mtoto nyuma yake.

Habari ya Nabothi mnaijua. Alikuwa na shamba la mizabibu huko Yezreeli, ubavuni mwa jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitamani alifanye bustani ya mboga. Wala hakuanza kwa ukatili. Alimwahidi Nabothi shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu kwa kadiri ya thamani yake. Serikali ya leo ingesema: tathmini imefanyika, fidia ipo. Nabothi akakataa. Hakukataa kwa sababu ya udogo wa bei. Alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na mtu hauzi peke yake kitu ambacho wenzake wamo kaburini na wengine wamo bado viunoni mwa vijana.

Nawauliza, wapendwa: je, sisi wa Mbozi na Songwe tunalo shamba la Nabothi?

Tunalo. Kijijini Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kimelala Kimondo. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10. Kwa kila sehemu mia moja, tisini ni chuma, na nyingi ya zilizobaki ni nikeli. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vilivyowahi kuonekana juu ya uso wa dunia. Mpima ardhi mmoja, Nott, alikitangaza kwa wageni mwaka 1930, lakini wazee wa Unyiha walikijua kabla babu yake Nott hajazaliwa. Hakuna simulizi ya siku kilipoanguka, wala shimo la kuanguka kwake halionekani, na kwa ajili hiyo wataalamu husema kilishuka maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 1967 Serikali ilikiweka chini ya ulinzi wa sheria. Mungu alikitupa kutoka mbinguni, akachagua Mbozi. Hakuna tenda itakayoleta kingine.

Tunayo pia matanuru ya chuma ya babu zetu. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe, wakatoa majembe, mashoka na mikuki iliyotumika mbali na hapa. Leo yamebaki mabaki ya udongo ulioungua na mavi ya chuma yaliyotapakaa porini. Mtoto anayapiga teke akienda kuchunga. Hakuna bango, hakuna mlinzi, hakuna mgeni anayelipa kiingilio. Lakini yale mavi ya chuma ni cheti chetu. Yanathibitisha kwamba kabla ya meli yoyote kuleta jembe kutoka Ulaya, mikono ya watu wa hapa ilijua siri ya moto na chuma.

Na huko Galula, katika kingo za udongo mwekundu za bonde la Rukwa, imelala mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka mamilioni ya miaka kabla mwanadamu hajakanyaga nchi. Mwaka 2014 wanasayansi waliutangazia ulimwengu mjusi mkubwa wa kale waliyempa jina Rukwatitan. Mwaka 2017 wakatangaza mwingine, wakamwita Shingopana songwensis. Sikilizeni jina hilo! Katika vitabu vya elimu vya dunia nzima limo neno la Kiswahili na limo jina la Songwe.

Hilo ndilo shamba letu la mizabibu. Sasa tuzungumze juu ya barabara.

Asinielewe mtu vibaya. Barabara ni baraka. Sisi ni watoto wa barabara. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake wa kibaguzi mwaka 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na lami hii inayopita mbele ya nyumba zetu ikawa mkono wa ndugu kwa ndugu. Yanapita juu yake mafuta ya Lubumbashi na shaba ya Ndola. Kahawa yetu inapita humo. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayetoka Iyula usiku wa mvua anajua thamani ya barabara kuliko mhandisi yeyote. Upanuzi wa njia kutoka Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, tunauombea ukamilike, kwa sababu foleni ya malori imetuchosha na ajali zimetuzika watu wengi. Mhubiri anayewaambia watu wabaki matopeni ili mawe ya kale yapumzike hajatumwa na Mungu.

Neno nililopewa ni hili: barabara ina njia nyingi, urithi una mahali pamoja. Mhandisi akiambiwa mapema, anaupinda mstari wake kwenye karatasi kwa kalamu na rula. Akiambiwa baada ya greda kupita, hata akilia nanyi, hana la kufanya. Kwa hiyo wajibu wa mwananchi ni kusema, na kusema mapema.

Tazameni tena somo letu. Mungu alimtuma Eliya kwa Ahabu. Eliya alikwenda, akasema kweli yote, na mfalme akararua mavazi yake. Lakini Nabothi, aliyesingiziwa mbele ya baraza la mji, alikuwa amekwisha kupigwa mawe akafa. Kemeo la nabii lilikuwa la haki, wala halikumfufua mtu. Ndugu zangu, msimngoje Eliya wa baada ya maziko. Kuweni majirani wa Nabothi waliopaswa kusimama siku ile ya baraza, wakasema hapana, nao hawakusema.

Tunao mashahidi wa karibu kwamba kusema mapema kunaokoa.

Mwaka 2010 ilitangazwa nia ya kujenga barabara kuu ya kuunganisha Arusha na Musoma kupitia kaskazini mwa Serengeti. Zaidi ya kilomita 50 zingepita ndani ya hifadhi, katika njia ile ile wanayopita nyumbu zaidi ya milioni moja kila mwaka kufuata mvua kuelekea Mara. Serengeti iliandikwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini mapito yale ya nyumbu ni ya kale kuliko dola yoyote. Watu wakasema. Wanasayansi 27 waliandika katika jarida la Nature Septemba 2010 wakionya kwamba barabara ile ingeua uhamaji huo, na wakaonyesha kwamba iko njia nyingine kusini mwa hifadhi ambayo ingewafikia watu wengi zaidi. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, ANAW, likafungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, pale pale Arusha. Juni 2011 Serikali yetu iliiandikia UNESCO kwamba kipande cha ndani ya hifadhi hakitawekwa lami. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikatoa hukumu: ikazuia moja kwa moja mpango ule wa awali wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti.

Angalieni lililotokea hapo. Hakuna jiwe lililorushwa. Hakuna mtambo uliochomwa moto. Waliopinga hawakusema watu wa Serengeti na Loliondo wasipate barabara. Walisema barabara izunguke. Na waliyasema hayo kabla ya lami, ndiyo maana mahakama ilikuta kitu cha kuokoa.

Nendeni Lamu. Mji ule wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Machi 2012 ukazinduliwa mradi mkubwa wa LAPSSET, wenye bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Wavuvi wa Lamu hawakuwa na fedha za kushindana na mradi wa mataifa matatu, lakini walikwenda mahakamani mwaka huo huo. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilitamka kwamba haki zao zilivunjwa, na kati ya haki hizo ilitaja haki ya utamaduni na haki ya kupewa taarifa. Mvuvi mwenye ngalawa alisikilizwa na majaji. Je, mkulima wa kahawa wa Mbozi ni mdogo kuliko yeye?

Nendeni Nairobi. Mwaka 2020 barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mti wa mugumo wenye zaidi ya miaka 100 pale Waiyaki Way ulipangwa kung'olewa. Wakazi wakapaza sauti. Mwezi Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru mti uachwe. Barabara ilikamilika, magari yanapita, na mti umesimama. Mti mmoja! Na watu hawakuona haya kuutetea.

Lakini wako pia mashahidi wa upande wa pili. Huko Ireland, kando ya kilima cha Tara, makao ya kale ya wafalme wa nchi ile, ilipangwa barabara kuu iitwayo M3. Watu waliandamana miaka mingi. Mwaka 2007, kazi ikiwa imekwisha kuanza, wachimbaji wakakuta chini ya ardhi mahali pa ibada pa kale, Lismullin, ambapo hakuna aliyekuwa anapajua. Wataalamu wakapachimba, wakapima, wakapiga picha, kisha lami ikapita juu. Juni 2010 barabara ikafunguliwa. Na huko Ujerumani, bonde la mto Elbe mjini Dresden liliandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2004. Mwaka uliofuata wenyeji wenyewe walipiga kura kuchagua daraja jipya la magari. Mwaka 2009, kwa sababu ya daraja hilo, UNESCO ikalifuta bonde lile katika orodha yake. Wingi wa kura zao haukulirudisha jina lao.

Hata Waingereza, pamoja na wingi wa sheria zao, wametikiswa. Serikali yao ilikubali mwaka 2020 kuchimba njia ya magari chini ya ardhi jirani na mawe ya Stonehenge. Wananchi wakashtaki, mahakama ikaufuta uamuzi ule mwaka 2021. Serikali ikaukubali tena mwaka 2023. Mwaka 2024 mradi ukaachwa. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kutetea mawe ni ushamba wa watu wasiotaka maendeleo.

Sasa nirudi Yezreeli, kwa sababu kuna watu katika habari ile ambao mahubiri mengi huwaruka. Yezebeli, mke wa Ahabu, hakumwua Nabothi kwa mkono wake. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akatia muhuri, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Wale wazee walikuwa majirani wa Nabothi. Walimjua. Walikula naye. Waliposoma barua yenye muhuri, wakatii. Wakaitisha baraza, wakaketisha mashahidi wawili wa uongo, na jambo likaisha kwa utaratibu mzuri kabisa.

Nasema na ninyi wenyeviti wa vijiji, wajumbe wa halmashauri za vijiji, watendaji na madiwani. Urithi hauanzi kufa siku ya greda. Huanza kufa siku mtu alipotia saini muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika. Huanza kufa orodha ya mahudhurio inapojazwa majina ya watu waliokuwa shambani. Huanza kufa kiongozi anapoona muhuri wa wilaya akadhani kazi yake ya kufikiri imekwisha. Muhuri haukuondolei dhamiri. Wazee wa Yezreeli walikuwa na barua halali mikononi na damu isiyo na hatia katika mikono hiyo hiyo.

Tena msidhani hatari ni ile lami pekee. Barabara hula ardhi kwa midomo mingi. Kuna mahali inapopita, na sheria yetu huipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Kuna mashimo ya kifusi, ambayo mkandarasi huyachimba mbali na barabara, palepale anapoona kilima chenye changarawe nzuri; na kilima chenye changarawe ndicho mara nyingi chenye tanuru la babu au mfupa wa kale. Kuna kambi ya mitambo. Kuna mitaro inayomwaga maji mahali ambapo hayakuwahi kupita, na msimu wa pili pana korongo. Kisha huja vibanda, gereji na viwanja, kwa sababu watu hufuata barabara. Mtu anaweza kusema kweli kwamba barabara haigusi mahali pa kale, na mahali pale pakafa miaka 5 baadaye. Ulizeni yote haya. Msiulize tu inapita wapi. Ulizeni kifusi kitatoka wapi, maji yatakwenda wapi, na kambi itakaa wapi.

Wala msiogope kuuliza, kwa sababu sheria ya nchi iko upande wenu. Katiba yetu, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomgusa yeye na taifa lake. Ibara ya 27 inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda maliasili na mali ya pamoja. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na inalinda hata vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, viwe vimewekewa bango au havijawekewa. Anayekuta kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa kama hii ifanyiwe tathmini ya athari kwanza, na wananchi wasikilizwe. Anayedai hayo hadai upendeleo. Anatekeleza Katiba.

Basi tufanye nini? Kuhubiri bila kutenda ni kelele.

Kila kijiji kiandike orodha ya urithi wake. Waiteni wazee wangali hai. Tembeeni nao hadi penye matanuru, penye makaburi ya machifu, penye miti ya matambiko na mapango. Vijana wenye simu wapige picha na kuchukua vipimo vya mahali. Orodha isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, iingie katika muhtasari, nakala ipelekwe wilayani Vwawa kwa ofisi ya utamaduni. Itieni pia katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kisichoandikwa, mhandisi hakioni. Na mnapokuja kulia baadaye, atawaambia kwa haki kabisa kwamba hakuambiwa.

Siku mtakapoona vigingi vinapigwa, msikae vijiweni kunong'ona. Nendeni ofisi ya mtendaji mwombe kuona tathmini ya mazingira. Andikeni barua. Itisheni mkutano. Na mnapopinga, leteni njia mbadala mkononi: semeni ipite hapa, isipite pale. Ninyi ndio mnaoujua uwanda usiotuama maji na kivuko kisichobomoka. Mpingaji mwenye njia mbadala husikilizwa. Mwenye hasira tupu hufukuzwa, na hufukuzwa akiwa na haki yake.

Wala asirushe mtu jiwe. Asichome mtu mtambo, asimpige mtu dereva wa mkandarasi aliyekuja kutafutia watoto wake mkate. Nabothi alikataa kwa maneno, wala hakumlaani mfalme, ijapokuwa walimsingizia hivyo. Kinywa safi ndiyo silaha yetu.

Nanyi wachungaji, mashehe na walimu, fundisheni jambo hili. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Israeli walipovuka Yordani waliamriwa kuchukua mawe 12 kutoka mtoni na kuyasimamisha, kusudi watoto wao watakapouliza maana yake, baba wawe na la kuwajibu. Mungu mwenyewe alijua kwamba imani inahitaji mahali pa kunyoshea kidole. Mwalimu wa Ruanda, wapeleke wanafunzi wako Ndolezi. Waache waguse kile chuma cha mbinguni. Mtoto aliyekigusa atakuja kuwa mhandisi, na siku atakapochora barabara atakumbuka kwamba chini ya kalamu yake wapo watu.

Na ninyi vijana wahandisi wa TANROADS na TARURA mnaotoka katika nyumba zetu, sisi si adui zenu. Jengeni. Tunahitaji barabara nzuri ya kuwafikisha wageni Kimondoni, tunahitaji lami ya kufikisha kahawa sokoni. Lakini mkipewa mstari unaopita juu ya urithi, kumbukeni kwamba kupinda kilomita moja ni gharama ya mwaka mmoja wa bajeti, na kuvunja cha kale ni deni ambalo hakuna bajeti ya mwaka wowote itakayolilipa.

Ahabu alikuwa na nchi nzima. Mashamba yalikuwa mengi, na mboga huota popote. Dhambi yake ilikuwa kutaka pale tu, kwa sababu palikuwa karibu na rahisi. Tusiwe Ahabu, na tusiwe wazee wa Yezreeli. Ewe unayesoma, kabla robo hii ya mwaka haijaisha kutakuwa na mkutano mkuu wa kijiji chako. Nenda. Simama. Taja kwa jina mahali pa kale unapopajua, na udai paandikwe katika muhtasari siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote. Bwana akupe ujasiri. Amina.